Jinsi ya kuhuisha leseni ya udalali wa nyumba ya Florida ukiwa Unguja au Pemba

Leseni ya udalali ya Florida mara nyingi hufa bila mwenyewe kufeli mtihani wowote. Hufa kwa kuwa yuko Fuoni au Wete, anajenga, anauguza mzazi, na tarehe inapita hana wa kumkumbusha. Yangu ilinusurika kwa siku nne. Ya shoga yangu, tuliyesoma pamoja Tampa, ilikufa kabisa, na alipotaka kurudi kazini aliambiwa aanze moja: saa 63 za darasa na mtihani wa jimbo, kama mtu ambaye hajawahi kuuza hata banda la kuku. Alilia kwenye simu, na mimi sikuwa na la kumwambia. Kwa hiyo naandika hapa hatua zote, kwa yeyote aliyerudi nyumbani na leseni yake bado ina uhai.

Anza kwa kujua umesimama wapi

Ingia kwenye akaunti yako katika tovuti ya Idara ya Biashara na Taaluma ya Florida, ile inayojulikana kwa herufi DBPR. Usitegemee kumbukumbu. Tazama tarehe ya kumalizika leseni, hali yake, na saa za masomo ulizokwisha kuandikiwa. Leseni za udalali Florida humalizika ama Machi 31 ama Septemba 30, hakuna tarehe ya tatu. Ya kwanza kabisa hudumu kati ya miezi 18 na 24, kutegemea uliipata lini. Baada ya hapo ni kila miaka miwili.

Wengi wetu hukwama hapa hapa mlangoni. Akaunti imefungwa kwa namba ya simu ya Marekani iliyokwisha kufa, au kwa barua pepe ya kazini ambayo ofisi ya zamani imeifunga. Namba ya siri ya kuingilia inatumwa, wewe huioni. Kama bado hujasafiri, badilisha barua pepe kabla hujapanda ndege. Kama umeshafika huku, itabidi upige simu, basi hesabu saa vizuri: kwao kukiwa saa mbili asubuhi, huku ni saa tisa alasiri, na msimu wao wa baridi inakuwa saa kumi. Piga mapema ofisi inapofunguliwa, kabla foleni ya simu haijarefuka.

Mara ya kwanza ina sheria yake

Hili ndilo lililomponza shoga yangu. Ukihuisha kwa mara ya kwanza, zile saa 14 za masomo ya kila miaka miwili ambazo kila mtu anazitaja hazikuhusu. Dalali msaidizi, yaani anayefanya kazi chini ya dalali mkuu, anatakiwa amalize saa 45 za masomo ya baada ya leseni. Dalali mkuu anatakiwa saa 60. Kuna mtihani mwishoni, na kufaulu ni asilimia 75.

Usipozimaliza kabla ya tarehe ya mwisho ya leseni hiyo ya kwanza, haisemwi kwamba umechelewa. Leseni inabatilika, na kulipa ada peke yake hakuifufui. Shoga yangu alisoma saa 14, akalipa, akadhani amemaliza. Alikuwa amesikia kwa wakongwe kazini, nao walisema kweli, ila walisema ya kwao. Mwenye shahada ya miaka minne ya masuala ya majumba na ardhi husamehewa masomo haya ya kwanza. Hiyo ni shahada ya fani hiyo hasa, digrii ya biashara ya jumla haitoshi.

Ukiwa katika kipindi cha kwanza, acha kufikiria muda uliobaki na uanze wiki hii. Saa 45 huku kwetu, na umeme wetu na misiba na harusi, si jambo la siku mbili.

Saa 14 za kila miaka miwili

Kuanzia mara ya pili mambo hulegea. Saa 14 zimegawanywa hivi: 3 za sheria ya msingi, 3 za maadili ya kazi, na 8 za mada maalumu utakazochagua mwenyewe. Kila saa ya darasa huhesabiwa dakika 50, kwa hiyo jumla ni dakika 700, chini kidogo ya saa kumi na mbili za ukutani. Ukigawa usiku mmoja mmoja baada ya Isha, wiki mbili zinatosha bila kujitesa.

Skuli lazima iwe imeidhinishwa kwa ajili ya Florida. Jimbo la jirani halisaidii. Somo lililoidhinishwa Georgia, hata liwe zuri vipi, Florida haliandikwi. Kabla ya kulipa, hakikisha unaona namba ya kibali ya skuli na neno Florida kwenye jina la kozi. Kozi za mtandaoni zinakubaliwa, na kwetu sisi ndiyo njia ya pekee yenye maana. Atakayesoma mtandaoni hufanya mtihani wa mwisho na anahitaji asilimia 80. Aliye darasani hatahiniwi, yeye hutakiwa kuhudhuria tu. Wanasheria walio hai katika chama cha mawakili cha Florida wamesamehewa saa 14, lakini sidhani kama msomaji wangu ni huyo.

Intaneti ikikatika katikati ya somo, kozi nyingi hukurudisha ulipoishia. Mtihani ndio wa kuogopa. Mimi huufanya asubuhi mapema, simu ya pili ikiwa na bando kamili pembeni, na kompyuta imejaa chaji.

Soma kweli, hasa mambo ya majengo

Najua wapo wanaobonyeza kurasa huku wanapika. Nawaomba wasifanye hivyo. Sheria za Florida zimebadilika sana miaka hii, na anayeumia kwa ujinga wetu ni mteja.

Juni 24, 2021, jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South, pale Surfside karibu na Miami, liliporomoka sehemu yake usiku watu wamelala. Walikufa 98. Lilikuwa limejengwa mwaka 1981, ufukweni. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria: majengo ya fleti ya ghorofa tatu na zaidi lazima yakaguliwe na wataalamu yakifikisha miaka 30, na pale penye maji ya chumvi mamlaka ya mji inaweza kutaka ukaguzi huo ufanyike jengo likiwa na miaka 25. Pia umoja wa wenye fleti hulazimika kukadiria gharama za kutengeneza paa, nguzo na misingi, na kuweka akiba ya fedha hizo. Zamani wanachama waliweza kupiga kura ya kutoweka kitu. Matokeo yake michango ya kila mwezi imepanda, na fleti iliyokuwa ikionekana rahisi inaweza kuwa na deni kubwa nyuma yake. Dalali asiyejua kuuliza ripoti ya ukaguzi na ripoti ya akiba anamwuzia mtu mzigo.

Sisi tuliotoka Mjini Unguja hatuhitaji kuelezwa sana. Disemba 25, 2020 tuliona Beit al-Ajaib likianguka upande, na watu wawili wakafa. Tunajua chumvi inafanya nini kwenye chuma na chokaa, na tunajua jengo linavyoweza kupendeza mbele huku ndani limechoka. Nilipokuwa nikisoma sehemu hiyo ya kozi nilihisi nasoma habari za mtaa wangu.

Mengine ya kuyatilia maanani: tangu Oktoba 1, 2024 muuzaji wa nyumba ya kuishi Florida lazima ampe mnunuzi tamko la maandishi kuhusu mafuriko, kama aliwahi kudai bima au kupokea msaada wa serikali kuu kwa ajili hiyo. Tangu Agosti 17, 2024, madalali wanaotumia mifumo ya pamoja ya matangazo ya nyumba wanatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza nyumba. Na tangu Julai 1, 2023 kuna sheria inayowazuia watu wa nchi fulani, China na Urusi zikiwemo, kununua baadhi ya ardhi; Tanzania haimo, ila mnunuzi yeyote atasaini hati ya kiapo. Ndugu yako wa Pemba akitaka kununua Orlando, mweleze mapema asije akadhani anashukiwa.

Baada ya kumaliza masomo

Skuli ndiyo inayopeleka taarifa zako kwa idara, kwa njia ya mtandao. Kazi yako ni kuhakikisha zimefika. Mara moja skuli niliyosoma iliandika namba yangu ya leseni kwa kukosea tarakimu moja, na saa zangu 14 zikawa hazionekani popote. Nilikaa siku sita nikiamini mambo yamekwisha. Lililoniokoa ni cheti nilichokuwa nimekihifadhi, na kwamba nilichungulia akaunti kabla ya tarehe. Cheti kihifadhi angalau miaka miwili baada ya kipindi hicho cha leseni kumalizika, kwenye simu na mahali pengine nje ya simu.

Ukiona saa zimeingia, lipa ada ya kuhuisha humo humo kwenye akaunti. Kiasi utakioneshwa. Utahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni ya nje. Za benki zetu nyingi zinafaa, lakini baadhi hufungwa mpaka uombe zifunguliwe, basi pita benki wiki moja kabla. Chapisha risiti. Siku mbili tatu baadaye rudi uangalie hali ya leseni imeandikwa nini na tarehe mpya ni ipi.

Wenye tarehe ya Machi 31 nawasihi wamalize kabla ya Februari. Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, na mwaka 2025 Sikukuu yenyewe ilikuja mwisho kabisa wa Machi. Nani atakaa na sheria ya akiba ya fedha usiku wa kuamkia Idd? Usiku wa Machi 31 ukimalizika Florida, huku ni saa moja asubuhi ya Aprili 1. Saa hizo saba ni za dharura. Usipange kuzitumia.

Ukichelewa

Kwa asiyekuwa katika kipindi cha kwanza, kuchelewa kuna ngazi. Leseni hulala yenyewe siku ya pili yake, na ikiwa imelala hutakiwi kufanya udalali wala kupokea kamisheni ya kazi mpya. Ndani ya miezi 12 unaweza kuiamsha kwa saa zako 14 na ada ya ucheleweshaji. Kati ya miezi 12 na 24 unatakiwa kozi ya saa 28. Ikipita miaka miwili imebatilika, na hapo umerudi mwanzo. Tume ya udalali ya jimbo ina uwezo wa kumrudishia mtu leseni iliyobatilika kama ataomba ndani ya miezi sita na kuthibitisha kwamba alizuiwa na maradhi au shida kubwa ya fedha. Mwenye ushahidi wa hospitali asiuache nyumbani.

Umehamia Zanzibar: waambie

Hatua hii husahauliwa kuliko zote. Ukibadilisha anwani, una siku 10 za kuiarifu tume. Na ukiacha kuwa mkaazi wa Florida, una siku 60 za kuwaarifu na kutimiza masharti ya madalali wasio wakaazi. Kuishi Zanzibar hakukunyang'anyi leseni. Kukaa kimya ndiko kunakokuletea mashtaka ya nidhamu. Weka anwani ambayo barua itafika kweli. Sanduku la posta la ofisi ya zamani ya mjomba si anwani.

Dalali msaidizi aangalie pia kama yule dalali mkuu wake bado anamshikilia. Akifunga ofisi au akikuondoa kwenye orodha, leseni yako inageuka kuwa isiyo hai hata kama masomo na ada umekamilisha. Na kamisheni yako ipitie kwake tu, mteja asikupe mkononi, hata akiwa ndugu yako wa damu.

Leseni hii haivuki bahari

Nimeulizwa hili Fumba na Paje, basi niliseme: leseni ya Florida haikupi ruhusa ya kufanya udalali hapa. Hapa ardhi yote ni ya umma kwa sheria ya mwaka 1992, Mzanzibari hupewa haki ya matumizi, na mgeni hupitia njia ya ukodishaji wa uwekezaji au fleti chini ya sheria ya mwaka 2010. Mauziano hupita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Ukitaka kufanya kazi hiyo huku, fuata leseni ya biashara ya huku, na usimwoneshe mteja kadi ya Florida kana kwamba inamlinda. Kadi hiyo iweke kwenye bahasha pamoja na cheti cha saa 14 na risiti, na juu ya bahasha andika tarehe ijayo kwa kalamu nene.