Ngano inapogusa mishipa ya fahamu: nilivyopanga upya jiko langu Mikindani

Nimekaanga maandazi Mikindani miaka kumi na moja, na tumbo halikuniuma hata siku moja. Kilichoanza ni miguu. Usiku nyayo zinawaka moto, mchana nikishuka kibarazani napapasa ukuta, hata majirani wakadhani nimeanza kunywa. Kwa hiyo ukisikia gluteni, ile protini ya ngano, huleta ugonjwa wa tumbo tu, usikubali. Tangu 1996 Marios Hadjivassiliou na wenzake wa Sheffield, Uingereza, wameeleza wagonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, hushambulia ubongo mdogo wa kisogoni unaoshika mizani ya mwili. Wanaiita ataksia ya gluteni, yaani kuyumba na kukosa mizani kwa sababu ya gluteni.

Usiache ngano kabla ya kupimwa damu. Mimi niliacha miezi minne kwanza. Kingamwili, zile chembe za kinga zinazotafutwa kwenye damu, zikawa zimeshuka, majibu hayakusema kitu. Ikabidi nirudie chapati kwa wiki kadhaa, miguu ikiniwaka, ndipo nipimwe upya. Omba pia kipimo cha sukari na cha vitamini B12, maana sukari ikizidi au B12 ikipungua, miguu huweza kuwaka vivyo hivyo.

Ukithibitishiwa, ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano) viishe nyumbani, na bia ya shayiri pia. Usichelewe: seli za ubongo mdogo zikishakufa hazioti tena. Mashine ya kusaga ndiyo iliyonichelewesha mimi. Mtama wangu ulikuwa unasagwa baada ya ngano ya mtu mwingine, na unga wa mwanzo hutoka umechanganyika. Sasa natwanga mwenyewe kwenye kinu. Vitumbua vya kununua, uliza kwanza kama wametia ngano, na mafuta yamekaanga nini.

Chakula kipo: wali, mtama, mbaazi, samaki, ming'oko (viazi vya porini).

Muhogo ndio naomba unisikilize vizuri, ndugu yangu. Ule mchungu una sumu ya sayanaidi, na usipoandaliwa sawasawa huleta konzo, miguu ikapooza moja kwa moja. Mkoa wetu wa Mtwara umewahi kuumwa nayo. Sisi wenye mishipa iliyokwisha kuumia tusikimbie hili tukaangukia lile. Unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, mimi nautia bakulini, naweka alama usawa wake, namimina maji nikikoroga. Unga hushuka, kisha hupanda tena hadi kwenye alama. Hapo nautandaza mkekani, unene usizidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu iondoke na hewa. Ugali wake upikwe siku hiyo hiyo, na mbaazi au samaki pembeni.