Kukuza Mkonge wa Mapambo Unaotoa Machipukizi

Mimea ya jenasi ya Agave, ambayo ndiyo jamii ya mkonge wa katani, ina spishi zaidi ya 200, nyingi zikiwa na asili ya Meksiko. Baadhi hukaa peke yake maisha yote, na nyingine hutoa machipukizi pembeni hadi mche mmoja ukawa kichaka. Miongoni mwa hizi za pili ni Agave lophantha, Agave parryi na Agave bracteosa. Anayeanza ningemshauri aichukue hiyo ya mwisho, kwa kuwa majani yake hayana miiba ya kuchoma.

Mikonge mingi ya vyunguni hufa kwa kuoza mizizi, kwa hiyo jambo la kwanza ni udongo. Changanya sehemu moja ya udongo wa kupandia na sehemu moja au zaidi ya kokoto ndogo, mchanga wenye chembe kubwa au mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa. Mchanga laini haufai, maana huziba nafasi za hewa. Wengi hutandaza mawe chini ya chungu wakidhani yatavuta maji, ilhali maji husita kushuka kutoka kwenye udongo wa chembe ndogo hadi kwenye mawe makubwa, na ule unyevu uliokwama huwa umesogezwa karibu zaidi na mizizi. Tundu la chini lililo wazi linatosha. Bustanini, panda juu ya tuta lenye kimo cha sentimita 20 au 30, na usifukie kitovu cha majani.

Mmea huu hufungua matundu ya majani yake usiku na kuyafunga mchana, na ndiyo sababu hupoteza maji kidogo sana. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie hadi udongo ukauke kabisa. Katika miezi ya baridi punguza zaidi. Uweke penye jua, lakini ukiwa umetoka kivulini uuzoeshe kidogo kidogo, la sivyo majani yataungua na makovu hayatafutika.

Machipukizi si lazima yatolewe. Kichaka kilichoachwa bustanini hupendeza, ila chunguni mizizi hubanana na huweza hata kupasua chungu cha udongo. Ukiamua kugawa, subiri chipukizi lifikie upana wa sentimita 10 hivi, fukua pembeni, tafuta kikonyo kinacholiunganisha na mama, ukikate kwa kisu safi. Vaa glavu na mikono mirefu, kwani utomvu huwasha ngozi. Acha jeraha likauke kivulini kwa siku kadhaa, panda kwenye udongo mkavu, na umwagilie baada ya wiki moja. Chipukizi lisilo na mizizi litaitoa lenyewe.

Baada ya miaka mingi, mmea uliokomaa hutoa mlingoti wa maua na kisha hufa. Kuukata mlingoti mapema kwa kawaida hakuuokoi. Agave bracteosa hutofautiana na jamaa zake, kwani huweza kuendelea kuishi baada ya kuchanua. Kwa spishi nyingine, ng'oa shina lililokauka na ujaze shimo kwa mchanganyiko uleule, ili machipukizi yaliyolizunguka yapate pa kutanukia.