Kufuatilia nasaba ya makabaila wa Ulaya: tufuate ukoo wa Thurn und Taxis

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia mti wa ukoo uliochorwa kwa rangi, wenye nembo na majina ya mashujaa. Mimi huuweka kando hadi karibu na mwisho. Kabaila alimlipa mtu amchoree mti ule, na aliyelipwa alijua kinachotakiwa. Mikataba ya kazi, barua za kupewa vyeo na mapatano ya mirathi viliandikwa kwa haja nyingine kabisa, ndiyo maana ushahidi wake ni mzito zaidi.

Mfano wangu ni Thurn und Taxis, watu walioendesha posta ya Ulaya kwa zaidi ya miaka 300. Wamehama sana, na kila walipohama karatasi zilibaki.

Hatua ya 1: Anza na walio karibu nawe

Tafuta Almanach de Gotha, kitabu cha kila mwaka cha koo za kifalme na za kikabaila, kilichotoka Ujerumani kuanzia 1763 hadi 1944. Matoleo mengi yamewekwa mtandaoni. Humo utapata ndoa, watoto na vifo vya koo kubwa. Rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, usiruke hata kama babu maarufu anakuita.

Angalia mwaka 1919. Austria ilifuta vyeo vya ukabaila, hata neno "von", linalotangulia majina ya ukabaila, likaondolewa kisheria. Ujerumani iliviacha vyeo viwe sehemu ya jina la ukoo. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja Vienna na mwingine Regensburg, wanaweza kuandikwa kwa majina tofauti.

Hatua ya 2: Andaa orodha ya tahajia

Tasso, Tassis, de Tassis, Taxis, Tour et Tassis, Thurn und Taxis, Torre e Tasso. Wote hao ni ukoo mmoja. Mtu anaweza kubadili tahajia kwa kuvuka mpaka tu, kwa sababu karani wa Hispania haandiki kama karani wa Innsbruck. Ukitafuta kwa tahajia moja, utapata kipande kimoja cha ukoo na kudhani umemaliza.

Hatua ya 3: Chora njia, kisha uliza nani alikuwa analipa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua ramani, weka alama kila makao, na mbele ya kila alama andika mwajiri.

Mwanzo ni Cornello, kijiji cha mlimani katika bonde la Brembo karibu na Bergamo, kaskazini mwa Italia. Leo pana jumba la makumbusho ya ukoo huo na historia ya posta. Watu wa kwao walikuwa matarishi, na wengine walifanya kazi hiyo Venice na Roma.

Kuanzia 1490 tunawakuta Innsbruck, wakimpelekea barua Maximilian I, ambaye baadaye alikuwa Kaizari wa Dola Takatifu la Kirumi. Mwaka 1501 mwanawe, Philipp, alimteua Franz von Taxis kuwa mkuu wa posta zake, na makao yakawa Brussels. Mkataba wa 1505 unataja hata muda: barua itoke Brussels ifike Innsbruck kwa siku tano na nusu wakati wa kiangazi, sita na nusu wakati wa baridi. Usiupuuze mkataba kwa kuwa hauna orodha ya watoto. Unakuambia mtu alikuwa wapi, kwa nani, na kwa nini. Franz alipofariki 1517 kazi ilimwendea mtoto wa ndugu yake, Johann Baptista. Jamaa wengine wa ukoo wakashika posta Hispania, Antwerp na kwingineko.

Kisha fuata misukosuko. Vita vya kurithi kiti cha Hispania viliwang'oa Brussels, wakahamia Frankfurt mwaka 1702. Mwaka 1748 mkuu wa ukoo alikwenda Regensburg kumwakilisha Kaizari katika baraza la dola. Bavaria ilichukua posta yake mwenyewe mwaka 1808, na mwaka 1812 ukoo ukapewa abasia (makao ya watawa) ya St. Emmeram mjini Regensburg iwe fidia. Prussia ilimaliza habari mwaka 1867, ikaichukua posta iliyobaki kwa kulipa thaler (sarafu ya fedha ya Kijerumani) milioni tatu. Hifadhi kuu ya nyaraka za ukoo ipo Regensburg, si Cornello wala Brussels, na sasa unajua kwa nini.

Hatua ya 4: Sasa ufungue ule mti wa rangi

Katika karne ya 17 ukoo ulikuwa na fedha na cheo, lakini asili yao ilikuwa matarishi wa mlimani. Alexandrine von Taxis, mjane aliyeiendesha posta tangu 1628 hadi 1646, alitaka nasaba yenye uzito. Mwaka 1645 Jules Chifflet akachapisha kitabu cha kuwatukuza. Dai lilikuwa kwamba wametokana na Torriani, yaani della Torre, watawala wa zamani wa Milano, na kwamba mmoja wao alikimbilia milima ya Bergamo. Muda mfupi baadaye wakaruhusiwa kujiita Thurn und Taxis.

Pima dai kama hilo kwa maswali mawili. Jina la zamani lilikuwepo lini? Akina Tasso wanaonekana katika bonde lile tangu karne ya 13, wakati Torriani bado wanaigombania Milano. Nembo ya zamani ilikuwaje? Ilikuwa na mnyama wa jamii ya nyegere na baragumu la tarishi. Mnara wa Torriani uliongezwa baada ya dai. Wanahistoria wa leo hawalikubali. Mimi huliandika kwenye faili lake, pamoja na mwaka lilipoanza kusemwa, kwa sababu uongo wa 1645 ni ushahidi mzuri wa kilichotakiwa mwaka 1645.

Hatua ya 5: Fuata matawi hadi yanapokatika

Tawi la Hispania lilipata ukabaila wa Villamediana. Juan de Tassis, mshairi, aliuawa Madrid mwaka 1622 bila mrithi, na posta ikaenda kwa jamaa zake wa Oñate. Andika "limekatika" na usonge mbele. Torquato Tasso, mshairi mkubwa wa Italia aliyetokana na Tasso wa Bergamo, hakuoa. Ukikutana na mti unaomfanya babu wa mtu, ufunge.

Hatua ya 6: Thibitisha tarehe

Rejista za parokia za Kikatoliki huwa nzuri baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki uliofungwa 1563. Lakini nchi za Kikatoliki zilianza kubadili kalenda, kutoka ya Julian kwenda ya Gregori, mwaka 1582, na majimbo mengi ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalingoja hadi 1700. Ukiona tofauti ya siku kumi kati ya barua na jibu lake, angalia kwanza miji ilikotoka kabla ya kumlaumu karani. Andika tarehe kama ilivyo kwenye waraka, na kando yake iliyosahihishwa.