Besi Baada ya Miaka Sitini: Mwongozo kwa Mpigaji wa Ridhaa wa Nairobi

Nina umri wa miaka 63, na tangu nilipostaafu kazi ya uhasibu nimekuwa nikipiga gita la besi katika bendi ya watu watano ambamo hakuna hata mmoja anayetegemea muziki kulipia kodi ya nyumba. Tunapiga zilizopendwa, yaani rumba kwa wingi na benga kidogo, kwenye harusi, sherehe za kustaafu na mara mojamoja kwenye baa yenye nyama choma na jukwaa dogo. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu wa rika langu anayetaka kuanza, au aliyeliacha gita lake juu ya kabati kwa miaka mingi na sasa vidole vinamwasha. Kijana mwenye mgongo mzima anaweza kuuweka mwongozo huu kando kwa miaka ishirini hivi.

Kila kifaa nakipima kwa swali moja kabla ya kuuliza bei: je, nitaweza kukibeba mwenyewe saa saba ya usiku, kutoka jukwaani hadi kwenye gari, mvua ikinyesha na wenzangu wakiwa wameshaondoka? Swali hilo nilifunzwa na spika yangu ya kwanza, sanduku la mbao lenye koni ya inchi 15 ambalo lilikuwa na uzito wa kilo 38. Tulikuwa tukifanyia mazoezi orofa ya tatu katika jengo moja la zamani karibu na River Road, na lifti ya jengo hilo sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Nilipolisafirisha kwa matatu, makanga alinitoza nauli ya viti viwili, na kwa kweli sikuwa na hoja ya kumpinga. Mwaka wa pili mgongo ulikataa. Nililiuza kwa hasara, na sijawahi kulikumbuka kwa huzuni.

Kuchagua gita

Gita la mitumba lililotunzwa vizuri humfaa mpigaji wa ridhaa kuliko jipya la bei ya chini. Maduka ya vyombo vya muziki na vya sauti katikati ya jiji, hasa upande wa Luthuli Avenue, huwa nayo, na wapigaji huuziana wenyewe kwa wenyewe. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, duka likiwa tulivu, na uchukue ile mizani ndogo ya kuning'iniza ambayo wasafiri hupimia mabegi. Mimi gita linalozidi kilo 4 nalirudisha ukutani hata likiwa na sauti ya malaika. Kisha livae kwa mkanda wake, usimame nalo dakika kumi, na uachie mikono yote miwili. Kama kichwa cha gita kinaporomoka kuelekea sakafuni, ujue kwamba mkono wako wa kushoto utaifanya kazi ya kuinua shingo usiku kucha, juu ya kazi yake halali ya kubonyeza nyuzi.

Baada ya hapo kagua shingo. Shika gita kama mtu anayelenga bunduki na utazame kutoka kichwani kuelekea kwenye daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gita, ukifuata ukingo wa shingo. Ikiwa imejipinda kama propela, mrudishie mwenye duka na umshukuru, kwa sababu kasoro hiyo haitengenezeki kwa urahisi. Kupinda kidogo kwa kuelekea mbele ni jambo la kawaida. Ili kupima mpindo huo, bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha utazame katikati, karibu na freti ya saba au ya nane: nafasi kati ya uzi na freti inapaswa kutosha kadi ya biashara kupita kwa shida. Ikizidi, ndani ya shingo kuna chuma cha kurekebishia, na fundi atakizungusha robo mzunguko kwa wakati mmoja, si zaidi.

Sasa piga kila noti. Besi ya nyuzi nne yenye freti 20 ina noti 80 za kubonyeza, na kuzipitia zote huchukua dakika tano. Muuzaji ataanza kuguna, mwache agune. Unatafuta noti inayokufa mapema au inayolia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Mwisho chomeka waya na uutikise kwenye tundu lake huku ukizungusha vifundo vyote, ukisikiliza mikwaruzo. Mikwaruzo si sababu ya kukataa gita, kwa kuwa fundi wa redio huiondoa kwa kazi ndogo, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni urefu wa uzi. Besi ya kawaida, tangu mtengenezaji wa magita Leo Fender alipoileta besi yake ya Precision Bass sokoni mwaka 1951, ina inchi 34 kutoka daraja hadi kwenye kizingiti cha kichwani, lakini zipo fupi za inchi 30. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa macho ila vidole huijua: freti ya kwanza kwenye ile ndefu iko takriban milimita 48 kutoka kwenye kizingiti, na kwenye ile fupi ni milimita 43 hivi, tena nyuzi zenyewe hazikazwi sana. Viungo vya vidole vyangu vilipoanza kuuma katika baridi ya Julai, nilihamia fupi. Wapo watakaokuambia kwamba ni chombo cha watoto. Wasikilize kwa adabu, kisha pigeni pamoja rumba kwa saa tatu mfululizo, muone nani ataomba mapumziko kwanza.

Kuhusu nyuzi, mzee asiyetaka kuzibadilisha kila mara anunue zile zilizosokotwa kwa utepe bapa. Hazikwaruzi vidole, hazipigi kelele kidole kinapoteleza, na hudumu miaka. Mpiga besi James Jamerson wa Detroit, aliyekuwa akipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, alijulikana kwa kuziacha nyuzi za aina hiyo bila kuzibadilisha, na hakuna aliyemlalamikia.

Amplifaya, na siku iliyozimika

Wanunuzi wengi huvutwa na wati. Ukweli ni kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji takriban mara kumi ya nguvu uliyokuwa nayo. Kwa hiyo usivunje kibubu ili utoke wati 200 hadi 300. Afadhali fedha hizo uzielekeze kwenye amplifaya za kisasa za aina ya D, ambazo hutoa wati 500 zikiwa na uzito usiofika kilo 3, na kwenye spika moja nyepesi ambayo utaiinua juu ya kiti au kreti ya soda. Spika iliyowekwa sakafuni hurusha sehemu safi ya sauti kwenye magoti yako, ambayo hayana masikio, ukabaki na ngurumo tupu. Nawe, kwa kutosikia noti zako, unaongeza sauti mpaka bibi harusi anageuka kutazama.

Kabla ya kuunganisha spika mbili, soma idadi ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, nyuma ya kila moja. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa kwa njia ya kawaida, yaani sambamba, hutoa omu 4, ambazo amplifaya nyingi huzikubali. Mbili za omu 4 hutoa omu 2, na hapo nyingi hukataa. Mimi nilijifunza hesabu hiyo mbele ya wageni waalikwa huko Kikuyu, nilipoazima spika ya pili ili nionekane mkubwa: tulipofika kwenye sebene ya wimbo wa tatu, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, watu wakiwa wameanza kunyanyuka vitini, amplifaya ilijizima ili kujiokoa, na mpiga ngoma akabaki akihangaika peke yake kama mtu aliyeachwa na matatu. Tangu siku hiyo nimebandika karatasi yenye idadi ya omu nyuma ya kila kifaa, kwa herufi kubwa ambazo nazisoma bila miwani. Waya wa spika nao uwe wa spika. Ule wa gita una uzi mwembamba ndani yake, na ukiulazimisha kupitisha nguvu ya amplifaya utapata moto.

Kwa kumbi zenye mitambo yake ya sauti, siku hizi naenda na kisanduku cha DI pekee, kinachoingia mfuko wa koti. Kazi yake ni kuichukua ishara dhaifu ya gita na kuigeuza iweze kusafiri mita nyingi hadi kwenye mixa, mtambo wa kuchanganyia sauti, bila kuokota mvumo njiani. Fika mapema ujijulishe kwa kijana wa mixa, na umwite kwa jina lake. Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Mzee, besi yako inanguruma, nishushe?" Nikamjibu, "Punguza ile ya chini kabisa, mwanangu, katikati usiguse." Alipunguza, na kila noti ikasikika hadi mwisho wa hema. Ndani ya chumba chako masafa ya chini hukufurahisha. Penye kundi, ni ya katikati yanayomfanya mtu aijue noti uliyoipiga.

Stima

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Kwenye harusi za hema, stima mara nyingi hutoka nyumbani kwa mwenyeji kwa ekstensheni ndefu, na nyingine hutoka kwenye jenereta. Nyuzi za gita lako zimeunganishwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Maikrofoni imeunganishwa na ule wa mixa. Ikiwa vyanzo ni viwili na kimoja hakina waya wa ardhi unaofanya kazi, midomo yako inapogusa maikrofoni wewe ndiwe utakayeunganisha tofauti iliyopo, na kwetu ni volti 240. Nilipigwa mara moja, si sana, lakini nilionja chuma mpaka keki ilipokatwa.

Taka vifaa vyote vya jukwaani vilishwe kutoka chanzo kimoja. Nunua kipima soketi chenye taa tatu, ambacho huchomekwa tu na kuonyesha kama waya wa ardhi upo, na ukitumie kabla ya kutoa gita mkobani. Taa zikisema haupo, usipige, hata kama mshereheshaji ameshatangaza jina la bendi. Usikubali kamwe fundi akate mguu wa tatu wa plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo huondolewa na swichi ndogo iliyo kwenye kisanduku cha DI.

Jukwaani

Malipo hayahitaji maneno mengi: patana kwa maandishi, pokea nusu kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe, na uulize saa ya kumaliza na mahali pa kuegesha gari.

Masikio ndiyo yanayosahaulika. Mtu anaweza kukaa saa 8 penye desibeli 85 kwa usalama, lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivi kwamba penye desibeli 100, kiwango ambacho bendi ndani ya baa hukifikia bila jitihada, zimebaki dakika 15. Vaa vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa wanamuziki, na usisimame upande wa matoazi.

Kuhusu upigaji wenyewe, rumba itakusitiri umri ukiijua siri yake, ambayo ni nafasi zilizoachwa wazi. Msikilize Tom Malanga alivyopiga besi katika Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapa Nairobi mwaka 1978: anatamka sentensi fupi, ananyamaza, gita la rithimu linapita, kisha anairudia bila kuipamba. Jifunze sentensi kumi za namna hiyo kwa wimbo mmojammoja, polepole, ukihesabu kimya kwa mguu. Benga ina haraka zaidi, na besi yake hukimbizana na gita la solo. Kwa hiyo iweke mapema katika orodha ya nyimbo, vidole vikiwa bado vibichi, wala usizipange nyimbo mbili za benga zifuatane.

Mkiisha kupiga, pangusa nyuzi kwa kitambaa cha pamba, kunja waya kwa kufuata mkunjo wake wa asili bila kuuzungushia kiwikoni, na uhesabu vitu vyako. Vyangu ni saba: gita, mkanda, amplifaya, spika, waya mbili na kisanduku cha DI. Gita lilale ndani ya nyumba pamoja nawe, si kwenye buti la gari, ambalo mchana wa Februari huwa tanuri. Spika inaweza kungoja hadi asubuhi.