Jinsi ya kumpata mshauri anayejua kumsaidia mtu anayejidhuru

Mimi ni mshauri nasaha, nafanya kazi Mombasa. Watu wanaojiumiza mwili kwa makusudi huja kwangu wakiwa wamelificha jambo hilo muda mrefu, na sababu ni ileile kila mara: walimwogopa yule watakayemwambia. Hofu hiyo ina msingi. Wapo washauri wanaogutuka, wanaofoka, wanaokimbilia kumpigia mama mtu simu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumpima mshauri ni jinsi anavyoipokea habari yako, na hilo unaweza kulipima kwa simu kabla hujamtajia hata jina lako kamili. Nitafika huko, lakini kwanza ya leo.

Hatua ya 1: Usalama wa leo

Kama una jeraha lililoachana au damu haikatiki, au kama umemeza kitu, mshauri atasubiri. Nenda sehemu ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na wala usingoje kuona kama utapata nafuu.

Kama unawaza kufa, zungumza na mtu sasa hivi. Hapa Kenya, Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199 bila malipo, na Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Mtoto anaweza kupiga 116, namba inayofanya kazi Kenya na Tanzania pia. Usikae peke yako, na kile unachojiumizia mpe mtu unayemwamini akuwekee mbali.

Wengi hawaendi hospitali kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Tena, watu wengi wanaojidhuru hawakusudii kufa. Wanatafuta kuutuliza uchungu usiobebeka. Mweleze daktari nia yako ilivyokuwa, bila kuficha. Ataishona ngozi vizuri zaidi akijua, na anaweza kukuelekeza kliniki ya afya ya akili palepale.

Hatua ya 2: Jua nani ni nani

Daktari wa magonjwa ya akili anatibu na anaweza kuandika dawa. Hakuna kidonge cha kutibu kujidhuru kwenyewe, ila kuna dawa za sonona na wasiwasi, hali ambazo mara nyingi hutembea pamoja nako. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wanatibu kwa mazungumzo. Usihangaikie cheo sana. Mshauri wa kawaida aliyezoea kazi hii anaweza kukufaa kuliko profesa asiyeizoea.

Unapoulizia, kuna tiba moja ya mazungumzo inayofaa kuijua kwa jina: DBT, kwa Kiingereza Dialectical Behavior Therapy. Ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, kwa ajili ya watu waliokuwa wakijidhuru na kutaka kufa mara kwa mara. Inafundisha stadi: namna ya kulivuka wimbi la hisia bila kujiumiza, namna ya kuomba unachohitaji, namna ya kukaa na huzuni bila kuikimbia. Mwaka 2011 Linehan mwenyewe alisema hadharani kwamba alipokuwa msichana alilazwa hospitali ya akili na alikuwa akijidhuru. Nawaambia wateja wangu habari hiyo kwa sababu wengi wanaamini wao ni wa kwanza duniani. Huku kwetu waliosomea DBT kamili ni wachache, kwa hiyo usikate tamaa ukikosa. Mshauri anayetumia tiba ya kubadili fikra na tabia, yaani CBT, au aliyejifunza baadhi ya stadi za DBT, anatosha kuanzia.

Hatua ya 3: Pa kutafuta, hasa kama pesa ni kidogo

Anza na hospitali za serikali. Mathari iko Nairobi, Hospitali ya Moi ya rufaa iko Eldoret, na hapa Mombasa kuna kitengo cha akili Port Reitz. Hospitali kubwa za kaunti nyingi zina kliniki ya afya ya akili, mara nyingi ikiongozwa na muuguzi au afisa wa kliniki aliyesomea fani hiyo. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, ziko Muhimbili na Mirembe ya Dodoma. Foleni ni ndefu, sitakudanganya, na siku ya kliniki huenda ikawa moja tu kwa wiki, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kupanda matatu.

Kama uko chuoni, ofisi ya ushauri ya wanafunzi kwa kawaida hailipishi. Washauri walio mafunzoni, wanaosimamiwa na mkubwa wao, hutoza kidogo. Na ukimpata wa kulipia, muulize bei ya mtu asiye na uwezo. Ni swali la kawaida kwetu, wala si kuomba sadaka.

Mitaa yetu ni midogo. Mshauri anaweza kuwa shemeji wa jirani. Kama hilo linakutia hofu, tafuta wa mji mwingine mzungumze kwa simu au video. Vaa visikilizi, na mkubaliane mapema jumbe zake ziandikwe vipi, hasa kama simu yako hushikwa na wengine nyumbani.

Kabla ya kulipa, uliza kama amesajiliwa. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, na madaktari wa akili wamo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, inayosomeka mtandaoni. Anayekasirika kwa kuulizwa usajili wake, mwache.

Hatua ya 4: Simu ya kwanza

Hapa ndipo nataka utumie nguvu zako. Andika majina matatu au manne, kisha wapigie au waandikie. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Habari za saa hizi. Natafuta mshauri. Shida yangu ni kujidhuru. Umewahi kufanya kazi na watu wenye hali hii? Huwa unaanzaje nao?"

Usiongeze kitu. Sikiliza.

Jibu zuri halihitaji kuwa refu. "Pole, na umefanya vyema kupiga. Sasa hivi uko salama? Ndiyo, nimewahi. Kwanza huwa tunajaribu kuelewa inakusaidia nini, kisha tunatafuta njia nyingine." Huyo hajagutuka, ameuliza usalama, na anajua kwamba kitendo hicho kina kazi kinayokufanyia, hata kama kinakuumiza.

Jibu baya utalijua tumboni, lakini nikutajie machache. "Kwa nini ujifanyie hivyo na Mungu amekupa uzima?" Dua ina nafasi yake, na sheikh au pasta mwenye huruma ni baraka, ila mshauri anayeanza na lawama ataendelea na lawama. "Acha kwanza, ndipo uje." Ungeweza kuacha peke yako, usingempigia. "Ni kutafuta kuonekana tu." Kata simu. Na yupo yule wa "utatia saini ahadi kwamba hutarudia." Ahadi za namna hiyo hazijathibitika kumlinda mtu, humfanya afiche tu akirudia. Anachopaswa kukuandalia ni mpango wa usalama: dalili za hatari zako, mambo ya kufanya, na watu wa kuwapigia, kwa mpangilio.

Swali la pili la simu ni la siri: "Ni wakati gani utamwambia mtu mwingine?" Anayesema "kamwe" hajafikiri. Jibu la kweli ni kwamba siri ina mpaka pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, na kwamba atakueleza kabla ya kumweleza mwingine kila inapowezekana. Kama hujafika miaka 18, muulize waziwazi mzazi ataambiwa nini na nani atamwambia. Mara nyingi mzazi huhusishwa, lakini namna ya kumhusisha mnaweza kuipanga pamoja.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza

Ukiona maneno yatakukwama, yaandike kwenye karatasi umpe asome. Wateja wangu hufanya hivyo sana. Huna lazima ya kuonyesha makovu, isipokuwa kama kuna jeraha bichi linalohitaji matibabu, na wala huna lazima ya kusimulia kila kitu siku hiyo.

Atakuuliza ulianza lini, hamu ya kujidhuru huja wakati gani, nani anajua. Atakuuliza pia kama unawaza kujiua. Asipouliza, mimi ningekuwa na wasiwasi naye, kwa kuwa kujidhuru huongeza hatari hiyo hata kwa mtu asiyetaka kufa. Kuulizwa hakumpandikizii mtu wazo.

Hatua ya 6: Kaa au ondoka

Mpe vikao vitatu au vinne, kama hakuna jambo baya la kukukimbiza mapema. Usimpime kwa kuwa umeacha kabisa, kwani kurudia kunatokea na hakufuti kazi iliyofanyika. Mpime kwa hili: ukirudia, unaweza kumwambia wiki hiyohiyo? Kama unaanza kumficha yeye pia, mwambie kwanza kwamba unamficha. Mshauri mzuri atalishika hilo kwa mikono miwili. Akichukia, umepata jibu.

Ukiamua kuondoka, usiachane naye kabla ya kupanga siku na mwingine, ili usibaki katikati bila mtu. Ujumbe mfupi unatosha: "Asante kwa vikao vyetu. Nimeona niendelee na mshauri mwingine. Naomba unipendekezee mtu aliyezoea hali ya kujidhuru, na muhtasari wa tulichofanya ili nisianze upya."