Namna ya kugawa kanda ndani ya maktaba ya umma: anza na sauti, rafu zifuate

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika michoro ya maktaba ni kuanza na rafu: vitabu huhesabiwa, rafu hupangwa zote, kisha wasomaji hutafutiwa pa kukaa katika nafasi iliyosalia. Mimi huanza na sauti, kwa kuwa kitabu hakimsumbui jirani yake, ilhali mtu mmoja anayezungumza na simu huwasumbua wote walio karibu.

Hatua ya 1. Orodhesha shughuli kabla ya kuchora chumba chochote: kurudisha vitabu, kusoma magazeti, kujiandaa kwa mitihani, kuwasomea watoto hadithi, kuchapisha nyaraka, kukutana kwa vikundi. Kando ya kila shughuli andika neno moja tu: kelele, mnong'ono au kimya.

Hatua ya 2. Panga kuanzia mlangoni. Kelele ikae karibu na mlango, mnong'ono katikati, na kimya mwisho kabisa au ghorofani. Maktaba ya Oodi ya Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, imeweka mgahawa na ukumbi wa sinema chini, karakana na studio katikati, na vitabu juu. Hata hivyo, sehemu ya watoto nayo iko hukohuko juu, kwa hiyo usidhani kwamba ngazi peke yake huleta utulivu.

Hatua ya 3. Ipe sehemu ya watoto muda mrefu wa kuipanga kuliko nyingine zote. Iwe karibu na vyoo na ionekane kutoka kaunta ya wakutubi, lakini isitazamane na mlango wa nje, kwa maana mtoto akiona uwazi hukimbia. Niliwahi kuipakanisha na chumba cha kimya nikitegemea ukuta uliotenganisha sehemu hizo mbili. Kwenye mchoro ukuta ule ulikuwa mzima. Kwenye jengo uliishia kwenye dari ya bodi badala ya kupanda hadi kwenye zege, na kila wimbo wa watoto ulipita juu yake ukawashukia wasomaji. Ilibidi dari ifumuliwe ili ukuta uongezwe. Tangu hapo huomba mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, sitosheki na ramani ya sakafu, na baina ya kanda hizo mbili huweka stoo au safu za rafu.

Hatua ya 4. Sasa panga rafu. Njia kati ya safu isipungue sentimita 90, ingawa mimi hupendelea 120, na kwenye ncha za safu acha duara la sentimita 150 ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka. Elekeza safu ziwe na pembe ya digrii 90 na ukuta wenye madirisha: mwanga utaingia moja kwa moja kwenye njia, na jua la moja kwa moja litapunguka kwenye migongo ya vitabu, ambayo hupauka upesi. Katikati ya ukumbi tumia rafu fupi zinazomwezesha mkutubi kuona upande wa pili. Ndefu zipeleke ukutani. Kabla ya kupandisha vitabu ghorofani, mwite mhandisi wa miundo, hasa kama jengo lilikuwa la ofisi. Viwango vya Marekani huidai sakafu ya ghala la vitabu ibebe takriban kilo 730 kwa kila mita ya mraba, yaani mara tatu ya sakafu ya ofisi.

Hatua ya 5. Taa na soketi. Meza ya kusomea ipate mwanga wa luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Soketi nazo hugawa kanda, upende usipende: ukiziweka kwenye ujia, watu watakaa ujiani na kompyuta zao.

Hatua ya 6. Chukua kalamu na ufuatishe kwenye mchoro safari za watu wanne: mzee anayekuja kusoma gazeti, mwanafunzi, mzazi mwenye kigari cha mtoto, na mtu wa kiti cha magurudumu. Mstari wowote wa kwenda chooni unaokatiza kanda ya kimya unamaanisha kurudi hatua ya 2. Mistari ikikaa sawa, bandika utepe sakafuni kuonyesha kila rafu na uitembee njia hiyo mwenyewe kabla fundi hajatoboa tundu la kwanza.