Kabla hujamwaga dawa kwenye bwawa lako jipya

Haya wewe uliyemaliza kujenga, vigae vinang'aa na watoto washavaa maboya. Subiri kwanza.

Jua lita zako. Chukua tepu, urefu mara upana mara kina cha wastani kwa mita, halafu zidisha kwa 1,000, ni hivyo tu. Bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha mita 1.5 ni lita 75,000, na kupandisha klorini miligramu 2 kwa lita humo unahitaji kama gramu 230 za klorini ya unga ya asilimia 65. Haifiki robo kilo! Sasa fundi anayemwaga nusu ndoo kwa kukadiria kwa jicho sijui anatumia hela ya nani.

Nunua vipimo kabla ya dawa. Alkalini, ile inayozuia pH isiyumbe, iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 7.2 hadi 7.6, klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na urekebishe kwa mpangilio huo huo, maana pH ikifika 8 klorini inakuwa mvivu, utamwaga weee na maji bado yanateleza ukijani. Alkalini ikiwa chini weka baking soda, pH ikiwa chini soda eshi, ikiwa juu asidi kidogo kidogo huku pampu inazunguka.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize. Uliza maji yametoka wapi. Boza likija getini we unaangalia bei na lita basi, hujui kama ni maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, au ya kisima, na visima vya huku kwetu pwani vingine vina chumvi, vingine vina madini ya chuma ambayo huyaoni kwa macho. Binamu yangu kule Goba alijaza bwawa maji ya kisima siku chache kabla ya kipaimara cha binti yake, maji meupe kabisa, unaona hadi skrubu za taa chini. Usiku fundi akapiga klorini ya nguvu, asubuhi bwawa limekuwa rangi ya chai ya rangi, na mama mkwe ndo wa kwanza kuamka. Fundi akasema ni uchafu, akaongeza klorini, likazidi! Kumbe klorini inakutana na chuma kilichoyeyuka kwenye maji kinapata kutu humo humo, kwahiyo kila ukiongeza unapika kutu. Wageni wamekuja, bwawa limefungwa kamba, na mistari ya kahawia ilibaki kwenye vigae muda mrefu baada ya sherehe. Dawa yake ilikuwa kutuliza maji kwa shabu, pampu imezimwa, tope likikaa chini unalivuta na kulitoa nje moja kwa moja bila kupitisha kwenye filta.

Na kugundua mapema ni bure kabisa, chukua ndoo nyeupe, jaza maji ya boza, tia nusu kijiko cha klorini, koroga, acha hadi kesho. Yakigeuka rangi mwambie dereva ageuze gari. Kwahiyo sampuli iombe jana yake, sio mpira wa boza ushaingia bwawani.

Klorini ya unga weka jioni, jua la Dar linaila mchana mchana. Vile vidonge vya klorini vina kinga ya jua ndani yake, sawa, ila hiyo kinga haiishi, inajazana mpaka klorini haifanyi kazi, na kuipunguza ni kumwaga maji sehemu na kujaza mengine, yaani boza tena. Pampu iende masaa kama 8 kwa siku, bajeti ya umeme wa LUKU iweke humo. Masika mvua ikipiga pima upya hata kama ulipima jana.

Vidonge na klorini ya unga visikutane kwenye ndoo moja hata kwa bahati mbaya, vinawaka moto. Klorini na asidi ndo kabisa, ni gesi ya kuua. Dawa ndo inaingia kwenye maji, usimwagie maji juu ya dawa, vaa glavu na miwani, stoo iwe na hewa na kufuli, sio chini ya ngazi karibu na jenereta, na dada wa kazi aambiwe asije akachota ile ya unga akafulia mashuka, na geti la bwawa nalo lifungwe hata kama unaingia ndani mara moja tu kupokea simu.